Makala Zinazoishia Mezani kwa Mhariri: Namna ya Kuandaa na Kuwasilisha Andiko kwa Jarida la Kitaaluma

Ndugu wahadhiri, ndugu wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na ninyi nyote mnaoandika kuhusu lugha na fasihi ya Kiswahili: wakubwa zetu shikamooni, na wengine wote tunawasalimu.

Tumeombwa tuzungumzie namna ya kuandaa makala na kuipeleka kwenye jarida la kitaaluma. Tuanze na jambo ambalo waandishi wengi wapya hawalijui. Makala nyingi zinazokataliwa hazifiki kabisa kwa wahakiki, yaani wataalamu wanaozitathmini. Mhariri hufungua faili, akasoma kichwa, ikisiri (muhtasari wa makala), utangulizi na orodha ya marejeleo, akapitia kurasa za katikati harakaharaka, kisha akairudisha. Sababu zinazoirudisha katika hatua hiyo karibu zote ziko mikononi mwa mwandishi: makala haikuandikiwa jarida lile, au ni sura ya tasnifu iliyokatwa na kubandikwa, au jina la mwandishi limeachwa mahali lisipotakiwa, au marejeleo hayaoani na yaliyomo ndani. Leo tutakaa na hayo.

Tunayasema kwa uzito kwa sababu wahakiki wa makala za Kiswahili ni wachache na hawalipwi. Profesa anayehakiki makala yako anafanya hivyo usiku, baada ya kufundisha na kusahihisha mitihani. Akitumia saa nne kuhesabu marejeleo yasiyoonekana kwenye orodha, hizo ni saa nne ambazo hoja yako haikupata.

Chagua jarida kabla ya kuandika, au angalau kabla ya rasimu ya pili. Majarida ya Kiswahili na Mulika hutolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Kioo cha Lugha hutoka chuoni hapohapo. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kina Mwanga wa Lugha. Na Swahili Forum hutoka Ujerumani na husomwa bure mtandaoni. Kila moja lina mwelekeo wake, urefu wake na mtindo wake wa marejeleo. Pakua matoleo matatu ya karibuni ya jarida unalolitaka, usome angalau ikisiri zote na makala mbili nzima. Utaona mambo ambayo mwongozo kwa waandishi hauyasemi: kama jarida linapenda makala za nadharia tupu au za data za uwandani, kama sehemu zake hupewa namba, kama mifano ya lugha hutafsiriwa. Utagundua pia kama mjadala wako umeshawahi kuendeshwa humo. Ukiuacha mjadala huo bila kuutaja, mhariri ataona mara moja, maana yeye ndiye aliyeuchapisha.

Kisha hakiki kama jarida ni la kweli. Majarida ya kilaghai yamewanasa watu wetu wengi, hasa wanaokimbizana na upandishwaji vyeo. Dalili zake zinajulikana: barua pepe ya kukusifu kwa makala usiyoandika katika fani isiyo yako, ahadi ya kuchapisha ndani ya siku chache, ada inayotajwa baada ya makala kukubaliwa, bodi ya wahariri wasiojua kuwa majina yao yamo. Namba ya ISSN peke yake haithibitishi ubora. Inatambulisha chapisho tu, na yeyote mwenye chapisho la mfululizo anaweza kuiomba. Tafuta jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya ufikiaji huria, au kwenye African Journals Online, jukwaa lililoanza mwaka 1998 kwa ajili ya majarida ya Afrika. Halafu ingia kwenye tovuti ya jarida kupitia huko. Kiungo ulichotumiwa kwa barua pepe usikitumie, kwa kuwa kuna walaghai wanaoiga tovuti za majarida halali hadi rangi na nembo.

Ada yenyewe si dalili ya ulaghai. Majarida mengi halali ya ufikiaji huria hutoza, na wachapishaji wakubwa huwasamehe au kuwapunguzia waandishi wa nchi zilizo kwenye orodha ya Research4Life, mpango unaowapa watafiti wa nchi zenye kipato kidogo machapisho bure au kwa bei nafuu. Lakini ombi la msamaha kwa kawaida hutolewa wakati wa kuwasilisha. Ukisubiri makala ikubaliwe ndipo uombe, mara nyingi utaambiwa umechelewa.

Sasa tuje kwenye tasnifu, maana hapa ndipo makala nyingi za vyuo vyetu zinapokwama.

Tasnifu zetu zina mpangilio ambao sote tunaujua kwa moyo: usuli wa tatizo, tamko la tatizo, malengo makuu na mahususi, maswali ya utafiti, umuhimu wa utafiti, mipaka, kisha mapitio ya maandiko ya nje ya Afrika, ya Afrika na ya Afrika Mashariki. Mpangilio huo una kazi yake: unamthibitishia mtahini kwamba mtahiniwa anazijua hatua za utafiti. Msomaji wa jarida hahitaji uthibitisho huo. Anataka kujua unadai nini na una ushahidi gani. Kwa hiyo vichwa hivyo saba au vinane viyeyushe vyote katika utangulizi wa kurasa mbili, bila vijisehemu vya 1.1.1 wala 1.1.2. Aya ya kwanza iseme suala ni lipi. Aya zinazofuata zieleze waliotangulia wamefikia wapi na wametofautiana wapi. Ya mwisho iseme makala hii itaonesha nini.

Tasnifu ya uzamivu ina malengo mahususi matatu au manne. Makala ichukue lengo moja, pengine nusu ya lengo. Mwandishi anayejaribu kuyaingiza yote katika maneno 7,000 huishia kutoa mifano miwili kwa kila hoja, na mhakiki huandika kwamba data haitoshi, ingawa mwandishi ana mamia ya mifano kwenye daftari lake. Anza upya kwenye ukurasa mtupu. Weka tasnifu pembeni kama ghala la data, andika sentensi moja inayobeba dai la makala, na ndipo uende ghalani kuchukua tu kile ambacho sentensi hiyo inakihitaji.

Kuhusu pengo la utafiti, tuseme wazi. Kusema kwamba mada hii haijawahi kufanyiwa utafiti katika wilaya fulani si pengo la kutosha. Wilaya ni nyingi mno. Pengo huonekana pale ambapo maelezo yaliyopo yanashindwa kueleza data fulani, au wataalamu wawili wametoa hukumu zinazopingana, au dai limekubalika kwa ushahidi wa lahaja moja tu. Kama unaandika juu ya Kimakunduchi au Kipemba, tueleze lahaja hiyo inabadilisha nini katika tunachokijua kuhusu Kiswahili.

Nadharia nayo ina ugonjwa wake. Kurasa tatu zinamtaja mwasisi, mwaka na mihimili mitano. Kisha uchambuzi unaanza na nadharia haionekani tena hadi hitimisho, linaposema kwamba nadharia imesaidia sana. Jaribio rahisi ni hili: futa sehemu yote ya nadharia, usome uchambuzi uliobaki. Kama hakuna sentensi iliyopoteza maana, nadharia hiyo haikufanya kazi. Ama uitumie katika kila hatua ya uchambuzi, ukitaja mhimili unaohusika na mfano unaohusika, ama uiondoe na upate nafasi ya data zaidi. Mhimili usioutumia usiuorodheshe hata kidogo. Tunaamini kwa dhati kwamba sehemu hii ikirekebishwa peke yake, makala nyingi zingepanda daraja.

Sehemu ya mbinu iwe fupi lakini yenye takwimu: watoataarifa wangapi, wa umri gani, walipatikanaje, saa ngapi za kurekodi, matini zipi na matoleo yapi, data ilichambuliwaje. Maelezo ya maana ya mahojiano kama yanavyotolewa na vitabu vya mbinu za utafiti yaondolewe. Taja pia kibali. Tanzania kuna kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kenya ni cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Na tafiti za afya za Tanzania Bara hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Wanaokusanya mazungumzo ya makundi ya WhatsApp wakumbuke kwamba kuwamo kundini si ruhusa ya kunukuu. Waombe wahusika, ficha majina na namba za simu, na kwenye picha za skrini ficha hata picha ndogo za wasifu.

Mifano ya isimu ipewe namba mfululizo na iandikwe kwa mistari mitatu: mfano wenyewe uliokatwa mofimu kwa mofimu (vipande vidogo vya neno vyenye maana), maana ya kila mofimu chini yake, kisha tafsiri. Idadi ya vistari kwenye mstari wa kwanza iwe sawa na ya mstari wa pili. Mwandishi akiandika a-li-m-pig-i-a juu, halafu chini akaacha mofimu moja bila maelezo, mhakiki hawezi kujua kama ni kosa la uchapaji au la uchambuzi. Kanuni za Leipzig, zinazoeleza namna ya kuandika mifano ya aina hii, zinatumiwa na majarida mengi na hupatikana bure. Alama za fonetiki ziandikwe kwa fonti za Yunikodi kama Charis SIL au Doulos SIL. Ukitumia fonti ya zamani, alama zako zitageuka vibokisi tupu kwenye kompyuta ya mhariri. Tuma faili ya PDF sambamba na ya Word ili mchapaji aone alama zilikusudiwa ziweje.

Kwa fasihi, ukinukuu shairi taja ubeti na ukurasa, nakili vina na vituo kama vilivyo, na eleza toleo ulilotumia. Matoleo ya baadaye ya diwani za zamani wakati mwingine yamebadilishwa tahajia, na hoja ya mizani inaweza kuanguka kwa sababu ya silabi moja.

Na zimeni sahihisho otomatiki la Kiingereza kabla ya kuandika. Hugeuza maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza kimyakimya, na mwandishi aliyeizoea rasimu yake hayaoni. Teua Kiswahili kuwa lugha ya matini yote.

Ikisiri huandikwa mwisho. Kwa kawaida ni maneno 150 hadi 250, aya moja, bila marejeleo. Iseme suala, data na mbinu kwa sentensi moja, matokeo, na maana ya matokeo hayo. Kosa linalojirudia ni kuyaficha matokeo. "Matokeo yanaonesha kuwa kuna sababu mbalimbali za kubadili msimbo" ni sentensi isiyompa msomaji chochote. Zitaje sababu zenyewe, useme ipi ina nguvu na kwa ushahidi gani. Jarida likitaka pia ikisiri ya Kiingereza, usiitupie programu ya kutafsiri ukaiacha hivyo. Kwa watafiti wasiosoma Kiswahili, hiyo ndiyo sehemu pekee ya kazi yako watakayoiona.

Marejeleo ndiyo kipimo cha haraka cha mhariri. Chapisha orodha kwenye karatasi. Soma makala kuanzia mwanzo, na kila ukikutana na chanzo kiwekee alama kwenye orodha. Ukimaliza, kisicho na alama kifutwe, na kilichokosekana kiongezwe. Halafu linganisha miaka, maana mara nyingi ndani ni 2008 na kwenye orodha ni 2009.

Majina yetu yanaleta shida ya pekee. Shaaban Robert huingia chini ya R katika mitindo mingi, na Said Ahmed Mohamed chini ya M, lakini mara kwa mara mwandishi mmoja huonekana mara mbili kwenye orodha ileile, mara akiwa Said, mara akiwa Mohamed. Amua mara moja na ufuate hivyo hadi mwisho. Vitabu vilivyotolewa na taasisi vina mtego mwingine: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 si ile ya 2004, na maana za baadhi ya vidahizo zimebadilika, kwa hiyo mwaka ulioutaja uwe wa nakala uliyoifungua. Angalia pia kwamba toleo la saba la mtindo wa marejeleo wa APA, lililotoka mwaka 2019, limeacha kutaja mji wa uchapishaji, ilhali majarida kadhaa ya Kiswahili bado yanautaka. Mwongozo wa jarida ndio unaotawala. Vifupisho navyo viwe vya lugha moja: ukianza na "na wenzake", "kur." na "Mh.", usichanganye na vya Kiingereza ukurasa unaofuata.

Kama umetumia programu ya akili mnemba kupanga au kusahihisha lugha, sema hivyo mahali jarida linapoelekeza. Kamati ya COPE, inayoshughulikia maadili ya uchapishaji, imekwisha kueleza kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika. Jambo la hatari zaidi ni kwamba programu hizo hutunga marejeleo yasiyokuwepo, yenye majina ya wataalamu halisi na vichwa vinavyoshawishi. Usiweke kwenye orodha kazi ambayo hukuifungua mwenyewe.

Kabla ya kutuma, ondoa utambulisho wako. Majarida mengi hutumia uhakiki ambamo mwandishi na mhakiki hawajuani. Kufuta jina chini ya kichwa hakutoshi. Futa shukrani, hasa zinazomtaja msimamizi na chuo. Badilisha "kama nilivyoeleza katika tasnifu yangu" iwe rejeleo la kawaida la nafsi ya tatu, au lifiche kama mwongozo unavyoagiza. Ondoa maoni ya pembeni na mabadiliko yaliyofuatiliwa, maana jina la msimamizi wako huonekana humo. Kisha nenda kwenye sifa za faili na utumie zana ya Word ya kukagua hati ili kufuta jina la mwenye kompyuta. Mwisho, angalia jina la faili lenyewe. Nyingi hutufikia zikiwa na jina kamili la mwandishi.

Tunaulizwa sana kuhusu asilimia ya mfanano. Turnitin na zana nyingine huonesha matini yanayofanana, na asilimia yenyewe si hukumu. Makala yenye nukuu nyingi za mashairi itapanda bila kosa lolote. Makala iliyotoka kwenye tasnifu iliyowekwa kwenye hazina ya machapisho ya chuo itafanana na tasnifu hiyo. Dawa ni kumweleza mhariri mapema katika barua ya kuwasilisha: makala imetokana na tasnifu fulani, ya chuo fulani, mwaka fulani, na imeandikwa upya kwa namna hii. Akikuta mwenyewe jambo ambalo hukulisema, itakuwa kazi kumwaminisha.

Barua hiyo isizidi ukurasa mmoja. Itaje kichwa cha makala, dai lake kwa sentensi mbili, sababu ya kulichagua jarida hilo, tamko kwamba makala haijachapishwa na haiko kwenye jarida jingine kwa sasa, na kwamba waandishi wote wameisoma na kuikubali. Kutuma kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa zito. Kukiwa na wahakiki wachache hivi, makala moja inaweza kumfikia mhakiki mmoja kutoka majarida yote mawili.

Waandishi wenza ni nani? Vigezo vya kamati ya wahariri wa majarida ya kitabibu, ICMJE, ni vinne na vinafaa fani zote: mchango wa maana katika utafiti, kushiriki kuandika au kurekebisha, kuidhinisha nakala ya mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi. Mkuu wa idara aliyesaini ruhusa hatimizi vigezo hivyo, ashukuriwe. Msimamizi aliyechangia kweli awemo, na mpangilio wa majina ukubaliwe kwa maandishi kabla ya kutuma.

Majarida mengi sasa hupokea makala kwa mfumo wa Open Journal Systems. Utafungua akaunti, utapakia faili, utajaza taarifa, kisha utathibitisha. Kosa kubwa liko kwenye kujaza taarifa. Mfumo hausomi faili yako; unachapisha ulichokijaza kwenye fomu. Ukiandika kichwa kwa herufi kubwa tupu, kitatokea hivyo mtandaoni. Mwandishi mwenza usiyemwingiza hapo anaweza kukosekana kwenye rekodi ya DOI, namba ya kudumu ya makala mtandaoni, hata kama jina lake limo ndani ya makala. Tumia jina lileile katika kila chapisho, na ujisajili ORCID, namba ya tarakimu 16 isiyolipiwa, ambayo itazitenganisha kazi zako na za mtu mwingine mwenye jina kama lako. Ukimaliza, barua pepe ya uthibitisho huja yenyewe. Isipoonekana, tazama kwenye kabrasha la barua taka kabla ya kutuma tena, usije ukaleta makala mbili.

Miezi mitatu hadi sita ya kusubiri ni ya kawaida. Baada ya hapo uliza kwa heshima, ukitaja namba ya makala.

Maoni ya wahakiki yakija, yasome, kisha yaache siku mbili. Tengeneza jedwali la safu tatu: maoni ya mhakiki kama alivyoyaandika, jibu lako, na ukurasa na mstari ulipobadilisha. Kila hoja ijibiwe, hata ya nukta. "Imerekebishwa" peke yake haisaidii. Nukuu sentensi mpya. Unaruhusiwa kutokubaliana na mhakiki, mradi uweke ushahidi, na mara nyingi mhakiki akikuelewa vibaya ni kwa sababu aya yako ilikuwa na utata, hivyo ifafanue hata kama msimamo wako haubadiliki. Muda ukiwa mfupi, omba nyongeza kabla haujaisha. Makala ikikataliwa, fanyia kazi maoni hayo kabla ya kuipeleka kwingine. Mhakiki wa jarida la pili anaweza kuwa yuleyule, na ataitambua.

Ikikubaliwa, utaletewa prufu, yaani kurasa zilizopangwa tayari kwa kuchapishwa ili uzikague, na kupewa siku chache tu. Hapo si mahali pa kuongeza aya. Kagua majina, vyuo, barua pepe, majedwali, alama za fonetiki, mistari ya mashairi iliyovunjwa vibaya, na ulinganifu wa mofimu kwenye mifano, ambao huharibika mara nyingi zaidi kuliko kitu kingine pale mpangaji kurasa anapobadilisha nafasi za safu. Orodhesha masahihisho kwa ukurasa na mstari na uyatume kwa mkupuo mmoja, ndani ya muda uliopewa, kwa sababu baada ya kuchapishwa kosa halifutwi kimyakimya: hurekebishwa kwa tangazo rasmi la masahihisho katika toleo linalofuata.